Upasuaji wa maumivu sugu ya neva ya uso: namna ya kupima njia moja dhidi ya nyingine

Maumivu ya neva ya trijemino, neva inayopeleka hisia za uso kwenye ubongo, hupiga kama shoti ya umeme. Hushika upande mmoja wa uso, hudumu kuanzia sehemu ya sekunde hadi dakika mbili, kisha hukatika ghafla kama yalivyokuja. Kupiga mswaki, kutafuna, kunyoa ndevu, hata upepo mwepesi shavuni, vyote vinaweza kuyachokoza. Mwanzoni dawa huwatuliza wengi. Mwongozo huu ni wa yule ambaye dawa zimeanza kumshinda, au zinamlevya hadi hawezi kufanya kazi, na sasa anatajiwa aina nne tano za upasuaji asijue aanzie wapi.

Aanzie hapa. Ukiondoa majina na mashine, njia zote ni za makundi mawili. Kundi la kwanza lina upasuaji mmoja tu: kuuondoa mshipa wa damu unaoikandamiza neva. Upasuaji huo haukusudii kuidhuru neva. Kundi la pili ni njia zilizobaki, yaani joto, puto, gliserini na mionzi, na zote huijeruhi neva kwa makusudi ili ishindwe kupitisha yale maumivu. Bei ya kundi hilo la pili ni ganzi. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza ipi ni bora. Uliza kwanza kama kuna mshipa wa kuondolewa, kisha mwili wako unahimili upasuaji wa kiasi gani, kisha uko tayari kuishi na ganzi ya kiasi gani usoni.

Hakikisha kwanza ndio ugonjwa wenyewe

Upasuaji uliofanywa kwa ustadi kwenye ugonjwa usio wake hautasaidia kitu. Ndiyo maana kuna watu waliong'olewa meno mazima mawili matatu kabla ya mtu kushtuka kwamba kosa halikuwa la jino. Ugonjwa huu una alama zake: upande mmoja, ndani ya eneo la tawi moja au zaidi kati ya matatu ya neva (jicho na paji la uso, shavu na taya ya juu, taya ya chini), mapigo makali ya muda mfupi, na mahali fulani ambapo pakiguswa tu shoti inapiga.

Maumivu ya kuunguza yasiyokatika, yaliyoambatana na ganzi na kuanza baada ya ajali, upasuaji wa meno au mkanda wa jeshi, ni hadithi nyingine. Hapo neva imekwisha kuumia, na kuijeruhi zaidi kunaweza kuongeza mateso. Maumivu ya kiungo cha taya nayo hayahusiki hapa. Kuna kundi la katikati: wanaopigwa na shoti halafu wakabaki na maumivu ya chini kwa chini muda wote. Hao nao wana ugonjwa huu, lakini waambiwe mapema kwamba upasuaji huwa mzuri zaidi kwa shoti kuliko kwa yale maumivu yanayobaki.

Dawa yenyewe ni kipimo kizuri. Karbamazepini, kwa kawaida miligramu 200 hadi 1,200 kwa siku zikipandishwa taratibu, huwapa nafuu wagonjwa walio wengi angalau mwanzoni. Asiyepata nafuu hata kidogo kwa dozi ya kutosha anastahili kuchunguzwa upya kabla ya kupasuliwa. Okskabazepini ni ndugu yake, huvumilika vizuri kidogo, ila hushusha chumvi ya sodiamu kwenye damu zaidi. Huna haja ya kumaliza kila dawa iliyopo duniani ndipo uende kwa mpasuaji. Dawa kuu zikishindwa kutuliza, au zikikuletea kizunguzungu, usingizi, vipele au sodiamu kushuka, ni wakati wa kuonana naye.

Picha ya MRI: usikubali ya kawaida

MRI ya kawaida ya kichwa hukata vipande vinene, na neva yenyewe ina upana wa milimita chache tu. Inaweza kupotea katikati ya vipande viwili. Omba picha za vipande vyembamba za pande tatu, ambazo maji ya ubongo yanaonekana meupe na neva kama uzi mweusi unaoyapita, pamoja na picha za mishipa ya damu. Dawa ya kung'arisha nayo huongezwa ili uvimbe usijifiche.

Ripoti ijibu mambo matatu. Je, kuna uvimbe, au makovu ya maltipo sklerosisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ganda la neva? Je, kuna mshipa wa damu unaogusa neva karibu na inapotoka kwenye shina la ubongo? Na mshipa huo unaigusa tu, au umeipinda na kuikondesha? Swali la tatu ndilo hurukwa, na ndilo zito kuliko yote. Watu wengi wasio na maumivu kabisa wana mshipa uliogusana na neva hii. Wagonjwa wenyewe mara nyingi huwa nao hata upande usiouma. Kugusana peke yake si ushahidi. Neva iliyosukumwa ikapinda, au iliyokonda kuliko mwenzake wa upande wa pili, hiyo ndiyo inayotabiri matokeo mazuri. Mshipa unaohusika mara nyingi ni ateri ya juu ya serebela, ile sehemu ya nyuma na chini ya ubongo.

Kuondoa mgandamizo

Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi, akiwa ubavu, na mpasuaji hufungua tundu la sentimita mbili na nusu hadi tatu kwenye fuvu, nyuma ya sikio. Anapitia pembeni ya serebela akitumia hadubini mpaka aione neva, anaiachanisha na ateri, kisha anaweka kipande cha Teflon kilichochambuliwa kama pamba katikati yake ili visigusane tena. Wakati wote mashine hupiga sauti ndogo sikioni na kupima kama neva ya kusikia bado inajibu, kwa kuwa neva hiyo iko jirani na haipendi kuvutwa. Jibu likichelewa kwenye skrini, mpasuaji hulegeza mkono.

Mpasuaji wa ubongo Walter Dandy alikwisha kuuona mshipa huo juu ya neva kabla ya hadubini kuingia chumba cha upasuaji, na mpasuaji mwenzake Peter Jannetta ndiye aliyeueneza upasuaji huu tangu miaka ya 1960. Takwimu za kundi lake, zilizochapishwa mwaka 1996 kwa wagonjwa 1,185, bado ni kipimo kizuri: miaka kumi baadaye asilimia 70 hawakuwa na maumivu wala dawa. Wawili walikufa, mmoja alipata kiharusi cha shina la ubongo, na 16 walipoteza usikivu wa upande huo. Maumivu yaliyorudi, mengi yalirudi ndani ya miaka miwili ya kwanza. Soma namba hizo zote pamoja. Anayekutajia asilimia 70 akanyamazia wale wawili hajakueleza upasuaji.

Yanayoharibika huharibika kwa sababu zinazojulikana. Mshipa wa pili, mara nyingi vena, unaweza kuachwa mbele zaidi kwenye neva kwa kuwa mpasuaji aliridhika na wa kwanza. Teflon ikijazwa mno, hugeuka yenyewe kuwa mgandamizo. Na nyuma ya sikio mfupa una vishimo vya hewa vinavyowasiliana na sikio la kati. Vikifunguka visizibwe vizuri kwa nta ya mifupa, maji ya ubongo hupita humo na kutokea puani. Mgonjwa huinama kufunga kiatu, na tone la maji maangavu, yenye chumvichumvi, linadondoka kutoka pua moja. Hayo si mafua. Arudi hospitali siku hiyohiyo, maana njia yanayotokea maji ndiyo njia watakayoingilia vijidudu vya homa ya uti wa mgongo.

Kuna swali moja ambalo lazima liulizwe kabla ya kusaini: ukifungua usikute mshipa, utafanya nini? Wengine hufunga. Wengine huchana nyuzi za neva kwa urefu, kama mtu anayetenganisha katani, na hilo huleta nafuu lakini pia huleta ganzi. Yaani umelala ukitarajia upasuaji wa kundi la kwanza, ukaamka na wa kundi la pili. Jibu liandikwe kwenye ridhaa yako.

Umri peke yake si kizuizi. Mzee wa miaka 75 mwenye moyo na mapafu imara anaweza kufaa kuliko wa miaka 55 mwenye moyo dhaifu.

Njia tatu za sindano

Zote tatu hupita njia moja. Sindano huingia shavuni, sentimita mbili na nusu hivi nje ya kona ya mdomo, inapanda kwa kuongozwa na eksirei hadi kwenye tundu lenye umbo la yai chini ya fuvu, na kuingia kwenye kifuko cha Meckel ambamo seli za neva zimekusanyika. Hakuna kufungua fuvu. Wengi huenda nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Tofauti ni kinachofanyika ncha ikishafika.

Kwa joto, mgonjwa hulazwa usingizi mfupi, kisha huamshwa sindano ikiwa ndani. Umeme mdogo hupitishwa naye hueleza unapomwasha: mdomo, shavu au paji la uso. Ncha ikiwa kwenye tawi linalouma, hulazwa tena na ncha hupashwa moto wa nyuzi 60 hadi 90 za Selsiasi kwa sekunde 60 hadi 90. Baadaye shavu huchomwachomwa kwa pini kuona ganzi imefika wapi, na ikibidi hurudiwa. Uzuri wake ni kuchagua tawi. Ubaya ni kwamba inamhitaji mgonjwa anayeweza kuamshwa na kujibu sawasawa katikati ya kazi, na kwamba ganzi ikipanda hadi tawi la jicho, konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, hupoteza ulinzi wake.

Kwa puto, mgonjwa hulala moja kwa moja. Kupitia sindano nene hupitishwa katheta ya Fogarty namba 4, mrija mwembamba wenye puto nchani, na puto lake hujazwa dawa ya kung'ara, nusu mililita hadi mililita moja, likaikandamiza neva kwa dakika moja au zaidi kidogo. Hapa skrini ya eksirei ndiyo inayosema kila kitu. Puto likiwa mahali pake hujitokeza kama pea, kichwa kinene na shingo nyembamba, kwa sababu limebanwa na mlango wa kifuko. Likiwa duara au refu kama soseji, haliko ndani sawasawa, na mpasuaji mzuri hulitoa upepo akaanza upya kuliko kujidanganya. Mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla neva inapobanwa, kwa hiyo mtoa nusukaputi hukaa na atropini, dawa ya kuyapandisha mapigo, mkononi. Mgandamizo huumiza zaidi nyuzi nene na kuziacha kwa kiasi nyuzi nyembamba zinazolinda konea. Ndiyo sababu wengi huchagua puto pale tawi la jicho linapouma. Malipo yake ni misuli ya kutafuna kulegea upande huo, kwa wiki au miezi. Mwenye ugonjwa pande zote mbili asifanyiwe kwa mfululizo wa karibu, asije akashindwa kutafuna kabisa.

Gliserini iligunduliwa kwa bahati mjini Stockholm. Sten Håkanson na wenzake waliitumia tu kubeba unga wa metali ya tantalamu wa kuweka alama kwa ajili ya mionzi, wakashangaa maumivu yameisha kabla ya mionzi yenyewe; aliripoti mwaka 1981. Kiasi ni kidogo, mililita 0.2 hadi 0.4, na mgonjwa hukaa wima kichwa kikiwa kimeinama kwa saa moja mbili ili kimiminika kisimwagike kutoka kwenye kifuko. Ganzi yake huwa nyepesi kuliko ya joto. Maumivu nayo hurudi mapema.

Kwa ujumla njia za sindano huleta nafuu ya haraka kwa takribani wagonjwa tisa kati ya kumi, na karibu nusu yao maumivu huwarudia ndani ya miaka mitatu hadi mitano. Kadiri ganzi inavyokuwa nzito ndivyo nafuu inavyodumu, na hapo ndipo majaribu yalipo: mpasuaji anayefukuzia takwimu za kudumu anaweza kukuachia uso usiohisi kitu. Habari njema ni kwamba sindano hurudiwa.

Mionzi

Mpasuaji wa ubongo Lars Leksell alitumia mionzi kwa neva hii mara ya kwanza mwaka 1951. Leo miale mingi myembamba hukutanishwa kwenye sehemu ya neva yenye upana wa milimita nne hivi, na dozi ya juu katikati ni grei (kizio cha mionzi) 70 hadi 90 kwa kikao kimoja. Hakuna kisu. Kwa mashine ya Gamma Knife, fremu hukazwa kwenye fuvu kwa pini nne chini ya ganzi ya ngozi, au kinyago hutumika. Mgonjwa yuko macho.

Kinachowakera watu ni kungoja. Nafuu huja baada ya wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, na katika kipindi hicho dawa zinaendelea kama kawaida. Anayeshindwa kula wala kunywa kwa shoti za kila dakika hafai kuambiwa angoje miezi miwili. Huyo apelekwe kwenye sindano. Kwa upande mwingine, mtu aliye kwenye dawa za kuzuia damu kuganda zisizoweza kusimamishwa, au mwenye mwili dhaifu, mionzi humfaa kuliko yote. Ganzi nayo huchelewa na inaweza kujitokeza hata baada ya mwaka. Baada ya miaka kadhaa, karibu nusu ndio hubaki bila maumivu na bila dawa. Kurudia kunawezekana, lakini ganzi huongezeka.

Kukata au kuchoma kwa pombe matawi madogo ya usoni kumebaki hapa na pale. Nafuu yake ni ya miezi. Sioni sababu ya kuanzia huko pale njia nyingine zinapopatikana.

Kusoma namba bila kudanganyika

Mpasuaji mmoja anasema asilimia 90, mwingine 70. Huyo wa kwanza huenda anahesabu wote waliopata nafuu, hata wanaoendelea na dawa, miezi mitatu baada ya tendo. Wa pili anahesabu wasio na maumivu wala dawa, miaka kumi baadaye. Namba ndogo hapo ndiyo yenye uzito zaidi.

Wataalamu wengi hutumia kipimo cha BNI (Taasisi ya Neva ya Barrow) cha ngazi tano. Ngazi ya I ni hakuna maumivu, hakuna dawa. II ni maumivu ya mara mojamoja yasiyohitaji dawa. III ni maumivu yaliyotulizwa na dawa. IV dawa hazitoshi, na V hakuna nafuu. Kwa kila asilimia unayopewa, uliza: ni ngazi gani, baada ya muda gani, kati ya wagonjwa wangapi, na nani aliyewauliza? Mgonjwa akiulizwa na yule aliyempasua huwa mpole. Kisha uliza namba za huyo daktari mwenyewe: amefanya ngapi mwaka uliopita, wangapi walipoteza usikivu, wangapi walivuja maji. Asiyejua za kwake akikutajia za vitabuni, tafuta maoni ya pili.

Yapo mambo yanayokata shauri yenyewe. Sikio la upande wa pili ni kiziwi? Kupasua nyuma ya sikio lililobaki kunahitaji mjadala mrefu. Jicho la upande unaouma ndilo pekee linaloona? Usikubali haraka joto kwenye tawi la kwanza. Una maltipo sklerosisi? Kuondoa mshipa huwa na mafanikio madogo kuliko kwa wengine, na wengi huelekezwa kwenye sindano au mionzi. Una uvimbe? Mpango wote unabadilika, kwani uvimbe ndio unaotibiwa. Lakini kijana mwenye afya, ambaye MRI imeonyesha ateri imeipinda neva yake, kumpa ganzi ya kudumu kabla ya kuzungumza naye kuhusu kuondoa mgandamizo ni kumpunja.

Kama huna picha ya ganzi ni nini, muulize daktari kama anaweza kukuchoma sindano ya ganzi ya saa chache kwenye tawi husika. Kunywa maji, kula, zungumza, jiguse. Haifanani kabisa na ile ya kudumu, lakini wapo ambao jaribio hilo limewabadilisha nia, kwa upande huu au ule. Na fahamu jambo moja adimu lakini zito: sehemu iliyokufa ganzi inaweza kuanza kuuma yenyewe, maumivu ya kuunguza yasiyokatika juu ya ngozi isiyohisi. Hatari hiyo hukua kadiri neva inavyoharibiwa, na tiba yake ni ngumu kuliko ugonjwa wa mwanzo.

Kabla na baada

Wiki mbili kabla ya kuonana na mpasuaji, andika kila siku: shoti ngapi, tawi gani, nini kilichochea, dawa kiasi gani. Ukurasa huo humsaidia kuliko maelezo ya nusu saa. Mweleze dawa za kuzuia damu kuganda, aspirini ikiwamo. Zisimamishwe kwa maelekezo yake tu. Karbamazepini usiiache asubuhi ya upasuaji kwa kujiamulia.

Baada ya upasuaji, hata kama maumivu yameisha kabisa ukiwa bado kitandani, dawa hupunguzwa hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege kwa baadhi ya watu, na pia kunakunyima nafasi ya kujua kama nafuu ni ya upasuaji au ya dawa.

Maumivu yakirudi, hujarudi ulipoanzia. Dawa iliyokuwa imeshindwa mara nyingi hufanya kazi tena kwa dozi ndogo. MRI mpya huonyesha kama Teflon imesogea au kuna mshipa mwingine. Aliyefanyiwa sindano anaweza kurudia, au kwenda kwenye kuondoa mgandamizo kama kuna mshipa.

Kwa aliyebaki na ganzi shavuni, pima joto la chai kwa upande wa mdomo wenye hisia, tafuna taratibu, na baada ya kila mlo pitisha ulimi au kidole ndani ya shavu: chakula hujikusanya pale na meno huuma nyama bila wewe kujua. Ganzi ikiwa imefika jichoni, mdudu au mchanga ukiingia hutausikia. Tumia matone ya kulainisha uliyoandikiwa, vaa miwani kwenye vumbi, na kila asubuhi simama mbele ya kioo, vuta kope la chini, uangalie. Jicho likiwa jekundu, au uoni ukiwa na ukungu, nenda kwa daktari wa macho siku hiyo, hata kama haliumi hata kidogo.